Sajini Aliyeitika Jina Lisilo Lake

Tumekusanyika leo, Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024, kumzika askari aliyetumikia jeshi miaka thelathini na mbili bila kuchelewa gwaride hata mara moja. Wasifu huu umeandikwa na mwanawe wa mwisho kwa niaba ya familia. Marehemu mwenyewe alitoa agizo moja juu yake: sehemu ya kazi isifupishwe. Haikufupishwa. Wenye haraka watuvumilie.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 3 Februari 1954 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho upande wa karakana, akiwa mtoto wa pili wa fundi breki na mshona nguo. Bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema, na alipoanza hakuanza na "mama" wala "baba", alianza kwa kuiga sauti ya mtangazaji wa stesheni. Alipofika miaka sita hakuna mtu pale mtaani ambaye hakuweza kumwiga. Siku moja alisimama nyuma ya ukuta akaita kwa sauti ya baba yake, nzito na ya kukwaruza, "Chai yangu iko wapi?" Bibi akaikimbiza chai hadi uani, akamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu inaning'inia, amenyoosha mkono kupokea. Bibi alimpa. Alisema mtoto ameifanyia kazi.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia Januari 1962 hadi 1968, kisha sekondari ya kutwa hadi kidato cha nne mwaka 1972. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Baba mkubwa, kaka yake, ambaye ni seremala na yuko hapa nasi, anakumbuka kwamba marehemu alipovunja kioo cha maktaba kwa mpira, alikwenda mwenyewe ofisini kwa mwalimu mkuu kabla kengele haijagongwa. Lakini mwalimu alipomuuliza nani walikuwa wakicheza naye, hakuona, hakujua, alikuwa amegeuka. Ukimuuliza kosa lake, alikwambia lote. Ukimuuliza la mwenzake, ulikuwa unaongea na jiwe. Walimu waliiita tabia hiyo uaminifu, wakaiandika kwenye cheti chake cha kumaliza shule, na sisi tunacho cheti hicho hadi leo.

Baada ya shule alipakia na kupakua mizigo stesheni kwa muda, mgongo ukiwa bado mchanga. Jumatatu tarehe 18 Machi 1974 alijiunga na jeshi. Alipata mafunzo miezi tisa, akapangiwa kikosi cha watembea kwa miguu, na kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Kitanda cha nne alilala kijana mwembamba aliyekuwa na mkasi mmoja na kioo kilichopasuka, ambaye kwa vitu hivyo viwili alinyoa vichwa vya platuni nzima. Waliitwa wote wawili majina ya utani wiki ileile. Huyo akaitwa Kinyozi. Marehemu, kwa sababu ya sauti zake, akaitwa Kasuku. Kwa miaka tisa hukumwona Kasuku bila Kinyozi. Walilindana zamu, walivaliana viatu, waligombana juu ya nani anakoroma. Kinyozi alipooa, marehemu ndiye aliyesimama naye, na tangu siku ile mke wa Kinyozi akamwita shemeji.

Kwa wasiojua maisha ya kambi, ni lazima kueleza jambo moja, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Askari huitwa majina mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana na jioni. Ofisa anasoma kwenye daftari, kila mtu anaitika, "Nipo, afande!" na ofisa anaweka alama. Mara nyingi hainui macho. Basi kulikuwa na mazoea, ya zamani kuliko yeyote aliyekuwepo pale, kwamba mtu akiwa na dharura fupi, mwenzake humwitikia jina. Hakuna aliyeyaona kuwa ni uongo. Ilikuwa adabu ya bwenini, kama kumtunzia mtu sahani yake asipowahi chakula. Na hapakuwa na mwitikiaji kama Kasuku. Sauti ya Kinyozi ilikuwa nyembamba, yenye kukatika mwishoni kama ya kijana anayebalehe, na marehemu aliitoa ilivyo, hadi safu nzima ikauma midomo isicheke.

Mwezi Juni 1983 platuni yao ilikuwa kwenye ulinzi wa mpaka: mahema kumi na mawili juu ya kilima, tangi la maji, na upande wa kusini korongo refu lenye mawe. Marehemu wakati huo alikuwa koplo. Alhamisi tarehe 9 asubuhi, dereva wa lori la maji alimletea Kinyozi habari kwamba mkewe, aliyekuwa amepanga chumba karibu na zahanati, mwendo wa saa tatu kwa miguu, amejifungua mtoto wa kike. Kinyozi akaenda kwa nahodha kuomba ruhusa ya siku moja.

"Kwani wewe ndiye mkunga?" nahodha akamuuliza.

"Hapana, afande. Mimi ndiye baba."

"Basi kazi yako ilishaisha miezi tisa iliyopita. Rudi kwenye hema."

Watu walicheka. Kinyozi naye alicheka, marehemu alisema, kwa sababu ungefanya nini. Kisha saa saba, baada ya majina ya mchana, akamshika marehemu mkono. "Kasuku, niitikie hii ya jioni tu. Saa mbili nimesharudi."

"Nenda. Ukikuta anafanana na wewe mwombe mkunga akubadilishie."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho marehemu kumwambia rafiki yake.

Saa kumi na mbili jioni marehemu alimwitikia. Mvua ilianza muda mfupi baadaye, mvua ya mawe, na Kinyozi hakurudi saa mbili. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi kitanda kilikuwa bado kimetandikwa. Marehemu alijiambia kwamba mvua imemzuia, yuko zahanati amembeba mtoto, na akiandikwa hayupo atawekwa mahabusu wiki mbili. Jina likaitwa. Marehemu akaitika, "Nipo, afande!" Saa saba mchana likaitwa tena, naye akaitika tena, na safari hii, alisema, hakuna aliyeuma mdomo.

Saa kumi jioni ya Ijumaa hakuweza tena. Alikwenda kwenye hema la nahodha, akasimama wima, akasema yote. Mazungumzo yao aliyarudia mbele yetu mwaka huu, neno kwa neno, na kwa sauti mbili.

"Jana jioni aliitika nani?"

"Mimi, afande."

"Leo asubuhi?"

"Mimi, afande."

"Mchana?"

"Mimi."

Nahodha akafungua daftari. "Hii sahihi chini ni ya nani?"

"Yako, afande."

"Basi alikuwepo. Daftari la jeshi halidanganyi, koplo. Mtu huyu ametoroka leo, baada ya saa saba mchana. Umeelewa?"

"Afande, wenzake wakamtafute. Kulinyesha usiku, na njia ya mkato inapita korongoni."

"Mtoro hatafutwi korongoni. Mtoro anatafutwa kwao. Wewe ukifungua mdomo, tunafungwa mimi na wewe, na yeye bado hatakuwepo. Umeelewa?"

"Ndiyo, afande."

Jumamosi asubuhi marehemu aliomba zamu ya kuteka maji. Alifika ukingo wa korongo, akaita mara mbili. Akasikiliza. Kisha akarudi, ili asichelewe gwaride.

Jumapili tarehe 19 Juni wachimba mawe walimkuta Kinyozi chini ya korongo, upande wa kambi, mahali ambapo hadi kwenye tangi la maji ni mwendo wa dakika ishirini. Mguu wake ulikuwa umevunjika juu ya goti, naye alikuwa ameufunga kwa mkanda wake na vijiti viwili, vizuri, kama walivyofundishwa. Alikuwa amejikokota hatua kama arobaini, na kichwa chake kilielekea kambini. Tabibu wa kikosi alimwambia marehemu faraghani kwamba mtu yule hakufa Alhamisi. Aliishi Ijumaa yote, na huenda Jumamosi.

Jeshi liliandika kwamba alifariki akiwa njiani kutoroka. Alizikwa na wafungwa wawili wakichimba, bila bendera. Mkewe, akiwa na mtoto wa siku kumi, alikwenda kambini kueleza kwamba mumewe alifika zahanati Alhamisi saa kumi, akamshika mtoto, akaondoka saa kumi na moja huku akisema, "Narudi kambini, nisije nikamponza Kasuku." Muuguzi wa zahanati alikwenda naye kushuhudia. Waliambiwa wote wawili ni waongo, kwa sababu daftari lilionyesha kwamba Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi na Ijumaa mchana askari huyo alikuwepo kambini na aliitika mwenyewe. Koplo wa seksheni aliitwa kuthibitisha. Marehemu alithibitisha.

Mwaka uliofuata alipandishwa cheo akawa sajini.

Tunajua kwamba kaburini husemwa mema. Tumeambiwa hivyo wiki nzima. Lakini mzee wetu hakuomba asemewe mema. Na wapo watu ambao kwa miaka arobaini na moja wamesemewa mabaya kwa sababu yeye alikuwa mwaminifu mno kwa mtu asiyestahili uaminifu wake. Utii wa namna ile unasifiwa sana. Unapigiwa saluti na kuvalishwa nishani. Nishani yake ya utumishi mrefu ipo nyumbani, ndani ya droo ya vijiko, mahali alipoiweka yeye mwenyewe siku aliyokabidhiwa, na hakuna aliyewahi kumwona akiitoa.

Alitumikia vituo vinne zaidi, akamalizia kwenye chuo cha mafunzo ya askari wapya. Kila mwezi Juni alichukua likizo ya siku tatu kwenda kwa mjane wa Kinyozi, ambaye ni mfuaji wa nguo hospitalini na anaishi nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga. Alimpaulia nyumba ile. Alimjengea choo na kumfungia bomba. Jioni walikaa barazani wakinywa chai, mama yule akisimulia upya jinsi mumewe alivyotoka zahanati akikimbia, na marehemu akiitikia, "Mh. Mh." Binti alipokuwa mdogo alirudi shule analia, wenzake wamemwimbia "mtoto wa mtoro", na marehemu ndiye aliyemfuta kamasi.

Mwaka 2003 binti huyo, akiwa na miaka ishirini, alikwenda kuomba kujiunga na jeshi. Alisema atalivaa vazi lilelile walilomvua baba yake. Siku ya usaili marehemu alikuwa pale, kazi yake ikiwa kuwapima vijana urefu. Alimpima: mita moja na sentimita sitini na nne. Ofisa mezani akafungua jalada.

"Baba yako si yule mtoro?"

"Baba yangu hakutoroka, afande."

"Daftari linasema alitoroka."

Binti akamgeukia marehemu. "Baba mkubwa, si ulikuwa naye? Mwambie."

Marehemu alikuwa ameshika kijiti cha kupimia. "Toka kwenye mstari, mwanangu," akasema. "Wengine wanasubiri."

Leo binti huyo ni fundi umeme, na hakusema na marehemu tena tangu siku ile. Yeye alikuwa anadhani marehemu ni mwoga tu. Hakujua bado ni mwoga wa nini.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2006, akafanya kazi ya ulinzi wa lango la shule hadi 2019. Madereva wa mabasi ya shule walimwita Mzee Hesabu, kwa kuwa hakuna basi lililotoka bila yeye kuingia ndani na kumgusa kila mtoto begani. "Mzee, orodha hii hapa, wote wapo," walimwambia. Aliwajibu kwamba orodha haina miguu.

Kuhusu ndoa: marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Novemba 1986 na mwalimu wa shule ya msingi, mama yetu, wakajaliwa watoto wanne. Hakuwahi kumpiga mtoto wala kupandisha sauti. Kuiga sauti aliacha. Sisi watoto wake tulikua bila kujua kwamba aliwahi kuitwa Kasuku. Kila jioni kabla ya chakula alituita majina, na kila mmoja alipaswa kutokeza uso. Jumapili moja ya mvua alipoita jina la mdogo wetu wa mwisho, huyu aliyeandika wasifu huu, dada mkubwa akaitika kutoka jikoni kwa sauti ya kitoto, "Nipo, baba!" ili mdogo wake amalizie kutazama mpira nyumba ya jirani. Marehemu alitoka kama alivyo, pekupeku, singlendi na taulo kiunoni, akapita mtaa mzima akiangalia kila mtaro, mpaka alipomkuta mtoto kwa fundi redio, amekaa sakafuni na bakuli la karanga. Fundi redio akasema, "Karibu mzee, ni bao moja kwa moja." Marehemu akakaa pale sakafuni na taulo lake lililolowa, akamshika mwanawe kifundo cha mguu, hakukiachia hadi mpira ukaisha. Kwa miaka mingi kisa hiki kilikuwa kichekesho cha nyumba yetu. Tumekisimulia hata kwenye harusi.

Aliyekuwa hacheki ni mama. Mama alikuwa anajua tangu mwaka 1991. Marehemu alimweleza mchana mmoja wakichambua mchele, kisha akamkataza, na mama akakatazika. Ameruhusu hili liandikwe. Amesema asipotajwa na yeye, basi wasifu huu nao utakuwa na daftari lake la uongo.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Februari 2021. Moyo ulitanuka, miguu ikavimba, akapoteza pumzi hata kwa kufunga kamba za viatu, ingawa hakukubali kufungiwa na mtu. Tarehe 12 Agosti mwaka huu alilazwa wodi ya wanaume, kitanda namba kumi na moja, akaomba aitiwe mjane wa Kinyozi. Mama huyo alifika siku ya pili saa ya kuwaona wagonjwa, ametoka kazini moja kwa moja, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Shemeji, umekonda," akasema.

"Kaa, shemeji."

"Nimekaa."

Marehemu akataka ainuliwe. Akaegemea mito, akatoa taarifa kama anavyotoa askari: siku, saa, tukio. Alhamisi jioni nilimwitikia. Ijumaa asubuhi nilimwitikia. Ijumaa mchana nilimwitikia. Hakuwepo hata mara moja. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alizima redio yake.

Mjane akauliza, "Ijumaa asubuhi ulijua hajarudi?"

"Nilijua."

"Na mvua uliiona."

"Niliiona."

"Ukasema yupo."

"Nikasema yupo."

Akatazama mikono yake. "Miaka arobaini na moja umekaa barazani kwangu," akasema. "Mimi nasimulia, wewe mh, mh. Hata aibu ya kusema 'basi, shemeji, usinisimulie' hukuwa nayo?"

"Sikuwa nayo."

"Unataka nikusamehe?"

"Hapana. Nataka ujue."

Hapo mama yule alisimama, na sauti yake ikafika hadi kwa wauguzi. "Nijue nini? Mimi nilijua siku zote! Aliniambia anarudi, nikajua anarudi. Niliwaambia nikaitwa mwongo. Wasiojua ni wao, shemeji. Kawaambie wao. Kwangu umekuja kutua mzigo tu."

Akaondoka. Mlangoni akageuka akasema kwamba uji aliouleta upo kwenye chupa ya kijani, unywewe ukiwa wa moto.

Marehemu hakulala mchana ule. Kesho yake aliomba karatasi, akaandika maelezo yote kwa mkono wake, kurasa tatu, akatia sahihi, na tarehe 26 Agosti tukayapeleka makao ya kikosi. Aliomba jambo moja: neno "mtoro" lifutwe kwenye kumbukumbu za rafiki yake. Jibu lilikuja tarehe 17 Septemba, mistari minne. Lilimshukuru kwa utumishi wake uliotukuka, likamtakia afya njema, likasema kumbukumbu za kipindi hicho zimefungwa.

Tulipomsomea, alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. "Basi andikeni kwenye wasifu," akasema. "Kaburini watakuja, watakaa safu ya mbele. Na askari haondoki kwenye maziko kabla ya mwisho."

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa tisa na robo alasiri, mama akiwa amemshika kifundo cha mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Jumatano alikuja nyumbani ofisa wa ustawi wa kikosi, kijana mwenye adabu, akaleta utaratibu wa maziko ya heshima: bendera, tarumbeta, risasi za heshima. Akaomba nakala ya wasifu ipitiwe. Alhamisi ikarudi, kurasa za kazi zimepigwa mstari mwekundu, pembeni pameandikwa, "Alitekeleza majukumu yake kwa uaminifu. Inatosha." Alituambia sebuleni, akikwepa macho, kwamba wasifu si mahakama, na kwamba ukisomwa ulivyo, kikosi hakitashiriki.

Baba mkubwa aliumia sana. Ni haki yake tuseme hivyo. "Ndugu yangu ametumikia miaka thelathini na mbili," alisema, "mnataka azikwe kimyakimya kama mtu aliyeiba? Someni mengine. Hilo mkalitafutie siku yake."

"Siku yake ipi, shemeji?" mama akamuuliza.

"Itapatikana."

"Mimi nimeisubiri tangu mwaka tisini na moja. Mwenzangu anaisubiri tangu mwaka themanini na tatu. Ikipatikana utatuita?"

Baba mkubwa akasema jeneza atalitengeneza yeye, na amelitengeneza. Ndiyo maana leo hakuna bendera juu yake. Halikufunikwa na kitu chochote, ili muione kazi ya mikono yake.

Nahodha wa mwaka ule alistaafu na cheo kikubwa na yuko hai. Tulimpelekea mwaliko. Kama amekuja, kiti chake kipo safu ya mbele. Kama hakuja, nakala iliyochapwa imeshatumwa, na nyingine mia tatu ziko mikononi mwenu. Tunaomba mtu asiiache hapa chini. Ipelekeni nyumbani, ipelekeni kazini, msomeeni yeyote aliyewahi kusikia jina la mtoro yule. Makao ya kikosi yamefunga kumbukumbu zao. Zenu hazijafungwa.

Marehemu ameacha mjane, mwalimu mstaafu, mke wake wa miaka thelathini na saba, watoto wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume, wajukuu saba, kaka mmoja, seremala, na dada mmoja, mshona nguo kama mama yao.

Mjane wa Kinyozi aliulizwa kwa simu kama angependa kutajwa miongoni mwa walioachwa. Alikataa. Alisema yeye hakuachwa Jumanne. Lakini amekuja, na binti yake amekuja naye, na kwa ajili yao wawili jambo lifuatalo linasemwa hadharani, kwa agizo la marehemu na kwa sauti ya mtoto wake wa kuzaa: Alhamisi tarehe 9 Juni 1983, saa kumi na moja jioni, askari yule aliondoka zahanati kwa miguu yake mwenyewe. Hakuwa anatoroka. Alikuwa anarudi kambini.

Limesemwa. Sasa, Mungu akimruhusu, baba yetu apumzike.